Kura ya Miguu

Nimepiga kura mbili ambazo sitazisahau. Moja niliipiga kwa kalamu, katika ukumbi wa shule moja hapa Louisville. Nyingine niliipiga kwa miguu, sebuleni kwa mdogo wangu, Columbus. Ile ya kalamu ilihusu watu wengi nisiowajua hata kwa sura. Ile ya miguu ilimhusu mtu mmoja tu, dada yangu mkubwa, aliyebaki kambini Tanzania na watoto wake watatu, na ndiyo iliyoninyima raha wiki nzima.

Sisi ni Warundi, na nchi yetu tuliikimbia mara mbili. Mara ya kwanza nilibebwa mgongoni. Nikakulia kambini Kigoma, nikajifunza kusoma huko, nikaolewa huko. Kisha tukaambiwa amani imerudi, nasi tukarudi. Shamba la baba tulilikuta lina migomba ya mtu mwingine, na mwenye migomba hakutaka mazungumzo. Haikupita miaka mingi tukakimbia tena, na safari hii mimi ndiye niliyebeba mtoto mgongoni. Kwa hiyo mtu akinitajia neno "kurudi", mimi silisikii kama wanavyolisikia wengine.

Katika kambi ile ya pili ndipo nilipoona kura ya miguu. Zoni yetu, yaani sehemu yetu ya kambi, ilitakiwa kuchagua kiongozi wa kutusemea kwa watu wa ofisi. Karatasi hazikuwapo na wazee wengi hawakujua kusoma, basi wagombea walisimama uwanjani, na kila mtu akaenda kupanga mstari nyuma ya yule anayemtaka. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu, mtu wa maneno, na kabla jua halijawa kali mstari wake ulikuwa umefika kwenye bomba la maji. Wa pili alikuwa fundi baiskeli, mpole, mwenye kigugumizi kidogo akiguswa. Nyuma yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Mke wake mwenyewe alikuwa amekwenda kuchukua mgao wa unga.

Siku hiyo nilikuwa na homa, nimekaa mlangoni nimejifunika kitenge, nikayaona yote. Nilimwona baba yangu, aliyekuwa katikati ya mstari wa mwalimu, akitoka. Baba alikuwa katekista na watu walimheshimu. Alitembea polepole na fimbo yake, akaenda kusimama nyuma ya fundi baiskeli. Jioni nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mtu haachwi peke yake mbele za watu. Ile aibu si yake, ni yetu sote." Hakuwa na hesabu nyingine kichwani. Lakini watu walipomwona katekista amehama, wakadhani amejua jambo. Akahama mmoja, wakahama watano, na ilipofika saa sita mchana fundi baiskeli alikuwa kiongozi wetu. Aliyeshangaa kuliko wote ni yeye.

Fundi huyo ndiye ninayemwita baba mdogo. Si wa damu. Baba alianza kumwita "mdogo wangu" tangu siku ile, nasi watoto tukafuata. Siku hizi anaishi Buffalo, anafanya usafi katika nyumba moja ya kutunzia wazee, ingawa yeye mwenyewe umri wake ni wa kutunzwa.

Alikuwa kiongozi wa namna gani? Nitasimulia jambo moja. Mwaka uliofuata watu wa ofisi walitangaza kwamba kila mkimbizi ataandikishwa upya, kwa picha na alama za vidole vyote kumi. Uvumi ukaenea kwamba vidole hivyo ni vya kutupakia kwenye malori turudishwe kwa nguvu. Ukaitwa mkutano, na zoni nzima ikapaza sauti moja, hapana. Baba mdogo alisikiliza mpaka mtu wa mwisho, akasema amesikia, akaenda ofisini, na huko akasaini ndiyo. Watu walimtemea mate. Mwalimu alikuwa akipita akisema, mnaona sasa mtu mliyemchagua kwa huruma? Hata hivyo, kwa kuwa kiongozi alikwisha kusaini, wengi wetu tulikwenda tukaweka vidole kwenye kile kioo.

Dada yangu hakwenda. Mume wake alimchukua yeye na watoto wakajificha mashambani siku tatu. Faili zetu za kuja Amerika zilitokana na vidole vile. Faili yake ilianza kwa kuchelewa, mume akiwa amekwisha kufariki, na ilikuwa imebakiza tiketi ya ndege tu pale serikali ya hapa ilipofunga mlango wa wakimbizi. Hakuulizwa mwananchi yeyote. Ilitosha saini moja.

Ndiyo maana watu wanapobishana nani aamue mambo makubwa ya nchi, wananchi wenyewe au wale waliowachagua, mimi hunyamaza kwanza. Kuna mtu mmoja aliyesaini kinyume cha sisi sote, tukaokoka. Kuna mtu mmoja mwingine aliyesaini, dada yangu akaachwa nje. Nimejaribu kuyakalisha mambo haya mawili kwenye benchi moja, hayakai.

Kura yangu ya kalamu niliipiga miezi minne baada ya kula kiapo cha uraia. Nilivaa kitenge cha Pasaka. Majina ya wagombea niliyaelewa, lakini karatasi ilikuwa na swali pia, la kubadilisha katiba ya jimbo. Liliuliza kama iandikwe wazi kwamba asiye raia asipige kura. Nililisoma mara tatu. Miezi minne tu nyuma, asiye raia nilikuwa mimi, na sasa naulizwa juu yangu mwenyewe kana kwamba naulizwa juu ya mtu mwingine. Nikatia wino kwenye kiduara kimoja. Kipi, nitakufa nacho. Uzuri wa kura ya kalamu ni kwamba hakuna anayeona umesimama nyuma ya nani, na ubaya wake nauona kuwa ni huo huo.

Kazini nilijaribu kulizungumza. Napakia maboksi katika ghala, zamu ya mchana, na mezani kwangu tuko watatu. Mmoja ni mama wa Bukavu, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Nilimwuliza, je, kama nchi hii nzima ingepigishwa kura juu ya wakimbizi, ndiyo au hapana, ingekuwaje?

"Bon, dada, weye unawaza namna gani?" alisema bila kuacha kubandika gundi. "Bakiuliza batu bote ba hii inchi juu yetu, donc, tutasikia jibu tutalia. Wacha bakubwa baamue. Mukubwa mumoja unaweza muomba. Batu bote utabaomba wapi?"

Wa tatu ni mama Mmarekani kutoka Shively, mtu mzima, aliyeniletea makoti ya watoto majira yangu ya baridi ya kwanza, na kila Krismasi haniachi bila keki. Naye nikamwuliza. Alifikiri kwa uaminifu, akafuta miwani, akasema angejibu hapana, nchi imejaa. Kisha akanishika mkono. "Ila dada yako," alisema. "Dada yako aje."

Sikumkasirikia. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa sababu alikuwa amenijibu kweli. Nilikaa nikipakia na kuwaza, karatasi ya kura yenye nafasi ya dada yangu ndani yake ingekuwa na urefu gani?

Baba mdogo hana shida hizi. Anaamini katika kusemewa. Majira ya kuchipua yaliyopita nilimtembelea Buffalo, theluji ikiwa bado imelala kando ya barabara, chafu, imekataa kuondoka kama mgeni wa arusi. Alinichukua hadi ofisi ya mbunge wa eneo lao, ile ndogo waliyoiweka karibu na watu. Alikuwa amevaa suti na soksi mbili mbili. Mama mmoja mwenye miwani alitusikiliza saa nzima, akaandika jina la dada, namba ya faili, majina ya watoto, akauliza hata wanasoma darasa la ngapi. Baada ya wiki kadhaa barua ikaja, ikisema wamefuatilia na wataendelea kufuatilia. Baba mdogo aliifunika kwa nailoni akaiweka ndani ya Biblia. "Kule mimi nilikuwa nawasemea watu," aliniambia kwenye simu, na kigugumizi kikampata. "Sasa na mimi nasemewa. Ni kitu kitamu, mwanangu."

Mdogo wangu wa Columbus humcheka kwa hilo, ingawa humcheka kwa adabu. Yeye ni mtu wa saini. Jimbo lao lina utaratibu ambao sisi wa Kentucky hatuna. Mwananchi akitaka jambo, anaandika swali, anakusanya saini za kutosha, na swali linakwenda kwa wapiga kura wote bila kumwomba mbunge ruhusa. Kila Jumamosi asipokuwa kiwandani, mdogo wangu yuko mtaa wa Clintonville na ubao wa kuandikia, anabisha hodi mlango hadi mlango. Wazee wa kule humpa maji ya barafu na kumsimulia habari za mbwa wao. Ameondoka huko na imani kubwa kwa watu, na mimi namwonea wivu kwa imani hiyo.

"Nchi nzima ingekuwa na utaratibu huu, dada," huniambia, "tungeandika swali la wakimbizi sisi wenyewe. Tatizo ni kwamba kwa mambo ya taifa zima hawaulizi. Wanachagua watu, wanakwenda kulala."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka huu watu wa kambini waliambiwa kambi itafungwa. Atakayejiandikisha mapema kurudi Burundi atapata gari, godoro na mbegu. Atakayechelewa hajui atapata nini. Dada alituma ujumbe wa sauti, mfupi, mvua ikisikika juu ya turubai. "Ijumaa ya mwisho wa mwezi ndiyo ya kujiandikisha. Nirudi au ningoje? Semeni ninyi mlioko huko, ninyi mnaona mbali."

Tulikutana Columbus, kwa kuwa ni katikati yetu, na kwa kuwa mtoto wa mdogo wangu alikuwa anabatizwa Jumapili hiyo. Mume wangu alikuwa kazini, nikaendesha na binti yetu wa miaka kumi na minne. Baba mdogo alikuja kwa basi kutoka Buffalo, na Biblia yake yenye barua. Baada ya wali na ndizi za kuungwa, wageni wa kanisani wakaondoka, tukabaki saba. Nilikuwa mimi na binti yangu, mdogo wangu na mkewe, baba mdogo, na mzee mmoja na mkewe waliokuwa majirani zetu kambini na sasa wanaishi mtaa mmoja na mdogo wangu.

Mdogo wangu alisema angoje. Uchaguzi hauishi nchi hii, alisema, kila baada ya miaka miwili watu wanabadilishwa, mlango uliofungwa kwa saini utafunguliwa kwa saini. Tena akirudi, faili yake imekufa. Baba mdogo alitoa barua ya pili, ambayo hatukuwa tumeiona. Yule mama mwenye miwani wa ofisi ya mbunge alikuwa ameandika ukweli, kwamba hakuna tarehe, na asingependa kumpa mtu tumaini asilolijua. "Aliye ndani ya ofisi ameniambia hivyo," alisema baba mdogo. "Bora atoke na godoro lake na mbegu, kuliko kutolewa mikono mitupu. Mimi nasema arudi."

"Wengi wape, baba mdogo," alisema mdogo wangu. "Tupige kura."

"Wengi wa nani?" aliuliza baba mdogo. "Mimi niliwahi kuwakatalia wengi, na wewe uko Ohio leo kwa sababu hiyo."

"Na kama ungekuwa umekosea?"

"Ningekuwa nimekosea, na mngejua nyumba yangu ilipo. Wengi wakikosea utakwenda kwa nani?"

Mdogo wangu akasema kwa upole kwamba hii ni familia, si zoni. Baba mdogo akacheka, akakubali. Na kwa kuwa sisi ni watu wa kule, hakuna aliyetafuta karatasi. Kila mmoja angesimama. Mke wa mdogo wangu aliuliza kama binti yangu naye ahesabiwe, baba mdogo akasema mtu anayejua kuosha vyombo ana miguu.

Mdogo wangu alisimama karibu na televisheni. Baba mdogo alisimama dirishani. Mke wa mdogo wangu akaenda nyuma ya mumewe. Binti yangu akaenda huko huko mbio, anampenda mjomba wake. Mzee jirani na mkewe hawakuondoka kwenye kochi, walikuwa wananitazama mimi. Mimi ndiye niliyenyonya ziwa moja na dada, mimi ndiye niliyelala naye mkeka mmoja. Walikuwa wanangoja nionyeshe njia.

Nilitaka angoje. Hili naliandika wazi ili lisije likageuzwa. Njia nzima kutoka Louisville nilimwambia binti yangu, mama yako mkubwa angoje, sisi tuliwahi kurudi na tunajua kurudi kulivyo. Nikanyanyuka kwenda kwa mdogo wangu. Hapo nikamwona baba mdogo. Alikuwa amesimama na koti lake la Buffalo ambalo hakuwa amelivua tangu asubuhi, Biblia kwapani, na nyuma yake lilikuwa pazia tu. Alikuwa anatazama zulia. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama inavyotikisika neno linapomkwama, ingawa hakuwa anasema.

Miguu ikaenda kwake. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nilisimama nyuma yake, nikanusa harufu ya sabuni ya ile nyumba ya wazee, na mzee jirani akamwinua mkewe wakaja nyuma yangu. Wanne dirishani, watatu kwenye televisheni. Mdogo wangu alinitazama kwa mshangao, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesema wengi wape.

"Basi utamfikishia wewe," baba mdogo aliniambia, na macho yake yalikuwa na maji. "Wewe ndiye msemaji wetu."

Tulipokuwa tumelivuka daraja la kuingia Kentucky ndipo binti yangu aliponiuliza, kwa Kiingereza chake, akitazama nje, kwa nini nilisema kitu kimoja njia nzima halafu nikasimama pengine. Nilimwambia mtu haachwi peke yake mbele za watu. Akaniuliza kama hilo ndilo swali tulilokuwa tumeulizwa. Nilimwambia apunguze redio.

Jumatatu asubuhi, mchana kwao, nilimpigia dada. Nilisema kama msemaji anavyosema, familia imekaa, familia imeona, familia imeamua urudi. Hakubisha. Dada yangu hajawahi kubisha. Alisema, "Nimesikia. Ijumaa nitakwenda kuandika majina." Kisha akauliza, "Na wewe ulisimama wapi?"

"Kwa baba mdogo."

"Haya, mdogo wangu," alisema, kwa sauti ambayo ningependa nisiwe nimeisikia.

Siku tatu nilipakia maboksi vibaya. Mama wa Bukavu alinirekebishia anwani mara mbili, akaniambia nikalale. Niliona aibu, nayo haikuwa ile aibu ya baba ya kugawana na watu. Hii ilikuwa yangu peke yangu. Alhamisi niliamka na kumpigia kwanza baba mdogo, kwa sababu nilimwogopa zaidi. Nilimweleza kwamba kura yangu haikuwa kura. Nilimwambia nilisimama nyuma yake kwa kuwa hakuwa na mtu.

Nilisikia gari la kuzoa takataka likipita mtaani kwake.

"Na ba-baba yako?" aliuliza mwishowe. "Siku ile. Na yeye?"

Ningeweza kudanganya, na ingekuwa hisani. Nikamwambia, "Siku ile alikuhurumia. Kesho yake, ulipokuja kumwuliza ushauri, alianza kukuamini. Mengine yote yalikuwa ya kuamini."

"Nilikuwa najua," alisema. "Nilikuwa najua na sikutaka kujua." Akapumua. "Iondoe kura yako nyuma yangu, mwanangu. Mpigie dada yako upesi. Kesho ni Ijumaa."

Nilimpigia dada nikiwa jikoni, hapa Newburg, mtaa wetu wa Louisville, sufuria ya maharage ikiwa motoni. Siku hiyo mtandao ulikuwa na huruma, ukakubali picha. Niliegemeza simu kwenye kopo la chumvi, nikamwona. Alikuwa ameketi mlangoni, amekonda, kitambaa cha kijani kichwani. Nyuma yake palikuwa na ndoo na ukuta wa tope. Niliyasema yote bila kupumzika. Nilimweleza jinsi nilivyotaka angoje, kisha pazia, koti, na baba yetu na fimbo yake. Nilisema miguu yangu ilisema uongo. Nililia, na sikujificha.

Dada alinisikiliza. Kisha akacheka, kicheko kidogo kisicho na ubaya.

"Kwa hiyo mimi narudi Burundi," alisema, "kwa sababu mzee mmoja alisimama peke yake Columbus."

"Nisamehe, dada."

"Ngoja. Baba alikuwa hatazami anayemtaka. Alikuwa anatazama yule asiye na mtu. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa nambie. Siku ile Columbus, katika watu wote ambao jambo lile liliwahusu, ambaye hakuwa na mtu alikuwa nani?"

Maharage yalikuwa yanachemka, sikuyaendea.

"Mmoja alikuwa na televisheni na mke," alisema. "Mwingine alikuwa na mbunge mpaka ndani ya Biblia. Mimi nilikuwa wapi?"

Nikamwuliza kitu ambacho hakuna kati yetu saba aliyekuwa amekiuliza. Nilimwuliza yeye anataka nini. Hakuharakisha. Alitazama pembeni, kwenye kitu ambacho mimi sikukiona, akasema mtoto wake wa kwanza ana mtihani mwezi ujao, na mahindi yake nyuma ya nyumba hayajakomaa. Alisema kesho hataandika majina. Atangoja mahindi na mtihani, kisha ataamua, na ataamua mwenyewe, na tusimtumie tena maamuzi kama mgao.

"Huenda nitakosea," alisema.

Niliinuka. Nilizunguka meza, nikapita kando ya jiko, nikasimama upande wa pili, mgongoni mwa simu. Kutoka pale sikumwona yeye, niliona kifuniko cheusi cha simu na kopo la chumvi. Sauti yake ikaja, imeshtuka kidogo.

"Umekwenda wapi? Mbona sikuoni?"

"Niko nyuma yako, dada," nilisema.